Gitaa Likae Lenyewe, Mikono Ipige

Mtu akianza kujifunza gitaa na mkono wa kushoto ukamuuma, kitu cha kwanza kulaumiwa ni vidole. Vidole vifupi, vidole vinene, vidole visivyozoea. Anaambiwa avumilie, ngozi itakuwa sugu. Ni kweli kwamba ncha za vidole huuma mwanzoni na baadaye huzoea. Lakini maumivu ya kifundo cha mkono, ya bega, ya shingo na ya mgongo hayahusiani na ngozi ya vidole, na hayaishi kwa kuvumiliwa. Mara nyingi yanatoka kwenye jambo ambalo hakuna aliyemfundisha, nalo ni namna ya kulipakata gitaa.

Nina msimamo mmoja kuhusu jambo hili na sijaona sababu ya kuuacha. Mikono ya mpiga gitaa haitakiwi kulibeba gitaa. Ukiwa umeketi, kubeba ni kazi ya paja, kifua na uzito wa mkono wa kulia unaolala juu ya sanduku. Ukiwa umesimama, ni kazi ya bega na mkanda. Mkono wa kushoto ukishapewa jukumu la kuzuia shingo ya gitaa isianguke, kidole gumba kinageuka kulabu, kiganja kinaibana shingo kwa chini, na vidole vinne vilivyobaki vinatakiwa vitembee huku vimefungwa. Hapo ndipo mtu anapoapa kwamba kordi ya F (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, kidole kimoja kikibana nyuzi zote) haiwezekani.

Kuna jaribio rahisi la kujua ni nani anayebeba. Keti, pakata gitaa kama unavyolipakata siku zote, kisha achia mkono wa kushoto kabisa na uuweke juu ya goti. Shingo ya gitaa ikishuka kuelekea sakafuni, mkono huo ndio uliokuwa umebeba. Lirudishe mahali pake, na safari hii mkono wa kushoto uendelee kupumzika wakati wa kulia unapiga nyuzi zote sita, polepole kwanza kisha kwa nguvu. Gitaa likiyumba au likiteleza, bado halijakaa. Kila anayekuja kujifunza kwangu hufanya jaribio hili kabla ya kordi ya kwanza, na tunalirudia mara kwa mara baada ya hapo, maana mwili husahau kila unapokutana na wimbo mgumu.

(Nitazungumza kana kwamba msomaji anapiga nyuzi kwa mkono wa kulia. Anayetumia shoto ageuze kila kitu, na asikubali kulazimishwa kubadili mkono. Jimi Hendrix aligeuza magitaa ya mkono wa kulia juu chini, akabadilisha mpangilio wa nyuzi, akahamishia kitufe cha mkanda upande wa pili, akaendelea na kazi.)

Tuanze na kiti, kwa sababu kiti kibaya hakirekebishiki kwa ujuzi wowote. Kinachofaa ni kiti kigumu kiasi, kisicho na mikono, chenye urefu unaoruhusu nyayo zote mbili kutua sakafuni na mapaja kulala sawa au kuinuka kidogo tu upande wa magoti. Kiti chenye mikono kinakusukuma ukae upande, na kiwiko cha kulia kinagonga kila unapopiga. Sofa ni mbaya zaidi, ingawa ndiko wengi wanakofanyia mazoezi. Makalio yanazama, magoti yanapanda, mgongo unapinda kama upinde, na sanduku la gitaa linalala chali mapajani likitazama dari. Kitandani ni hivyohivyo. Unaweza kupiga dakika chache ukiwa hapo, kwa raha tu, lakini mazoezi ya kweli yanahitaji kiti.

Keti kwenye nusu ya mbele ya kiti, uzito uangukie ile mifupa miwili ya makalio unayoisikia ukikaa juu ya ubao. Ukikaa hivyo mgongo hunyooka wenyewe bila kukakamaa, na hakuna haja ya kujisukuma kifua mbele kama askari wa gwaride. Vuta pumzi ndefu, itoe, acha mabega yashuke. Baada ya hapo ndipo ulete gitaa. Wengi hufanya kinyume. Wanaweka gitaa kwanza, kisha wanajikunja kulifuata. Mwili ukae vizuri, gitaa lije kwenye mwili.

Namna iliyozoeleka zaidi, hasa kwa gitaa kavu la nyuzi za chuma na kwa gitaa la umeme, ni kuweka kiuno cha gitaa, yaani ule mkato wa ndani chini ya sanduku, juu ya paja la kulia. Sehemu ya juu ya mgongo wa sanduku inagusa kifua. Mkono wa kulia unapita juu ya ukingo na kutua, na uzito wake tu, bila kukandamiza, unalivuta sanduku kuelekea mwilini. Sehemu hizo tatu, paja, kifua na kigasha (ile sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo), zinatosha kabisa. Sanduku lisimame karibu wima, likiegemea nyuma kidogo sana. Shingo ya gitaa isilale sambamba na sakafu. Ipandishe kidogo ili kichwa cha gitaa kiwe juu kuliko sanduku, karibu na usawa wa bega. Halafu isukume shingo mbele kidogo, mbali na mwili, ili mkono wa kushoto usilazimike kurudi nyuma ya mstari wa bega lako. Watu wengi wanasahau hili la mwisho. Shingo ya gitaa iliyobanwa sambamba na kifua inalazimisha kiwiko cha kushoto kurudi mbavuni na kifundo kujipinda.

Gitaa linaloteleza pajani linaudhi kuliko inavyostahili. Nguo laini na vanishi inayong'aa havipatani. Watu hujaribu kuinua kisigino cha mguu wa kulia ili paja lipande, wanakaa hivyo wimbo mzima, na misuli ya shavu la mguu inaanza kutetemeka. Ni afadhali uweke kipande cha ngozi laini pajani, au kitambaa kisichoteleza, au uuweke mguu wa kulia juu ya kitu kifupi. Lakini angalia mpira na plastiki laini. Magitaa yaliyopakwa vanishi ya nitroselulosi huweza kupata alama za kudumu yakigusana nazo kwa muda mrefu, hata na mkanda wa plastiki ulioachwa juu ya gitaa ndani ya kasha.

Sasa macho. Hapa ndipo mkao mzuri unapoharibika ndani ya dakika moja. Anayeanza anataka kuona nyuzi na freti, yaani vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa, hivyo analilaza sanduku chali, anainamisha kichwa, anapinda mgongo, na mkono wa kushoto unalazimika kuzunguka mbali zaidi kuzifikia nyuzi kwa sababu ubao wa freti sasa unatazama juu. Kifundo kinakunjika. Kila kitu kinachofuata kinakuwa kigumu. Watengenezaji waliliona tatizo hili zamani, ndiyo maana magitaa mengi ya chuma na ya umeme yana vidoti vidogo ubavuni mwa shingo, upande unaokutazama wewe. Kwa kawaida viko kwenye freti ya 3, ya 5, ya 7, ya 9, na viwili kwenye ya 12. Yale mapambo makubwa ya mbele anayaona msikilizaji. Wewe una vidoti vyako. Zizoee hizo alama, na pale ambapo gitaa halina, kama magitaa mengi ya klasiki, weka nukta ndogo ya kubandika. Kutazama mkono kwa kuteremsha macho tu, kichwa kikibaki juu ya mabega, si kosa hata kidogo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5, na shingo inayokibeba kikiwa kimeinama mbele saa nzima itakudai jioni.

Mkono wa kulia nao una mahali pake. Kigasha kitue juu ya ukingo wa sanduku karibu na upande wa kiwiko, ili kiganja kining'inie chenyewe mbele ya nyuzi. Ukiuweka mkono mbele mno, kifundo kinakunjamana kurudi. Ukiuweka nyuma mno, huzifikii nyuzi bila kunyoosha bega. Jambo la kuangalia zaidi ni bega lenyewe. Keti mbele ya kioo, au simamisha simu ijirekodi, kisha tazama kama bega la kulia liko juu kuliko la kushoto. Kwenye sanduku kubwa mara nyingi liko juu, na mwenye bega hana habari.

Ukubwa wa sanduku si jambo la kupuuza. Gitaa la aina ya dreadnought, lile lenye mabega mapana ambalo kampuni ya Martin ya Marekani ilitengeneza kwanza mwaka 1916 na ambalo wengi huliona kama gitaa kavu la kawaida, lina upana wa karibu sentimita 40 kwenye tumbo lake na kina cha zaidi ya sentimita 12. Kwa mtu mwenye kiwiliwili kifupi, kulizungushia mkono wa kulia ni kuinua bega muda wote. Ukingo wake mkali hubana upande wa ndani wa kigasha, na baadaye vidole huanza kufa ganzi. Hilo halina dawa ya mazoezi. Dawa ni sanduku dogo zaidi au lenye kina kifupi, au kuligeuza gitaa kidogo ili sehemu ya chini ya sanduku iende nje. Mtengenezaji wa magitaa wa Kanada, Linda Manzer, alipomtengenezea mpiga gitaa wa jazi Pat Metheny gitaa lenye nyuzi 42 mwaka 1984, alilipa sanduku umbo la kabari: jembamba upande wa juu unaopita chini ya mkono, nene upande wa chini unaokaa pajani. Mkono unashuka, sanduku linaegemea nyuma kidogo kumtazama mpigaji, na sauti haipungui kwa sababu hewa ya ndani ni ileile. Watengenezaji wengine wameiga kabari hiyo, na wengi pia hukata au kuviringisha ule ukingo ambapo kigasha hutua. Ukipata nafasi ya kuchagua gitaa, lipakate kabla ya kulisikiliza. Najua wengi wataniona nimegeuza mambo, lakini gitaa lenye sauti nzuri linalokuumiza utaliacha ukutani.

Wapiga gitaa la klasiki walilitazama tatizo hili kwa makini kuliko sisi sote, na historia yao ina mafunzo. Mwanzoni mwa karne ya 19 magitaa yalikuwa madogo, na kila bingwa alikuwa na njia yake ya kulituliza. Fernando Sor, katika maelekezo ya upigaji aliyochapisha mwaka 1830, alipendekeza kuliegemeza gitaa kwenye ukingo wa meza. Rafiki yake Dionisio Aguado alikwenda mbali zaidi. Alibuni kiegemeo chenye miguu mitatu kilicholishika gitaa mbele ya mpigaji, akatetea kwamba mikono inabaki huru na sanduku linatetema bila kuzimwa na mwili. Kile kiegemeo hakikudumu, lakini hoja yake ilikuwa sahihi na bado ni sahihi. Baadaye katika karne hiyo fundi wa magitaa Antonio de Torres alipanua sanduku na kuimarisha urefu wa nyuzi wa karibu milimita 650, ambao ndio kipimo cha kawaida cha gitaa la klasiki hadi leo. Kwenye sanduku la namna hiyo mpigaji Francisco Tárrega aliueneza mkao wa mguu wa kushoto juu ya kigoda.

Katika mkao huo kiuno cha gitaa kinakaa juu ya paja la kushoto, na mguu huo umeinuliwa kwa kigoda cha sentimita 12 hadi 20 hivi. Tumbo la sanduku linagusa upande wa ndani wa paja la kulia, sehemu ya juu inagusa kifua, na kigasha cha kulia kinatua juu. Sehemu nne. Shingo ya gitaa inapanda kwa digrii 30 hadi 45, kichwa chake kikiwa karibu na usawa wa macho. Ukiujaribu kwa mara ya kwanza unahisi gitaa liko juu mno, karibu na kidevu. Lipe muda. Utagundua kwamba mkono wa kushoto unafika freti za juu bila bega kwenda popote, na kordi zilizokuwa zikinyoosha vidole hadi mwisho zimekaribia. Napendekeza mkao huu hata kwa watu wasiotaka kabisa kupiga klasiki. Vidole vifupi hupata nafuu kubwa hapa kuliko kwa zoezi lolote la kutanua vidole.

Kigoda kina gharama yake. Mguu mmoja ukiinuliwa saa baada ya saa, nyonga inageuka na upande mmoja wa kiuno unabeba zaidi. Wapigaji wengi wa klasiki wamewahi kulalamikia mgongo wa chini. Ndiyo sababu siku hizi wengi wameacha kigoda na kutumia mto wa gitaa, au kiegemeo cha chuma kinachonatishwa ubavuni mwa sanduku kwa vikombe vya mpira, ambacho huinua gitaa na kuiacha miguu yote miwili sakafuni. Vikombe hivyo hunata vizuri kwenye vanishi nyororo, na kwenye vanishi dhaifu vinaweza kuacha alama, kwa hiyo vitoe ukimaliza kupiga. Kwa mwenye historia ya mgongo mbaya, ningesema aruke kigoda moja kwa moja.

Wapiga flamenko, muziki wa kusini mwa Uhispania, wana mikao yao. Ule wa zamani uliweka tumbo la sanduku juu ya paja la kulia, shingo ya gitaa ikipanda sana, na mkono wa kulia ndio uliolizuia. Ni mzuri kuutazama na mgumu kuuzoea. Paco de Lucía alikunja mguu wa kulia juu ya wa kushoto na kuliweka gitaa kwenye paja lililoinuka, na vizazi vilivyofuata vikamfuata. Kukunja miguu ni njia rahisi ya kupata urefu bila kifaa chochote. Usikae hivyo muda mrefu tu, kwani mguu wa juu hufa ganzi.

Turudi kwenye mkono wa kushoto, ambao ndio unaolipa bei ya kila kosa la mkao. Misuli inayokunja vidole haiko kwenye vidole. Iko kwenye kigasha, na inavivuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo. Upande wa ndani wa kifundo kuna njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa na utando mgumu, na ndani yake zinapita kano 9 pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kifundo kikiwa kimenyooka, vyote hivyo vina nafasi. Kikikunjwa sana kuelekea kiganjani, njia inabanwa, kano zinasuguana, na mshipa wa fahamu unakandamizwa. Na nguvu nayo inapotea. Kunja kifundo chako cha kushoto hadi mwisho kuelekea ndani, kisha jaribu kufumba ngumi kwa nguvu. Haifumbiki vizuri. Nyoosha kifundo, fumba tena, uone tofauti. Mtu anayepiga gitaa akiwa amekunja kifundo anajinyima nguvu hiyo, halafu anaifidia kwa kukaza zaidi.

Kwa hiyo unapokutana na kordi ya kubana nyuzi zote kwa kidole cha shahada, usikimbilie kukaza. Tazama kwanza kifundo. Kikiwa kimekunjika, pandisha shingo ya gitaa kidogo, isukume mbele, leta kiwiko cha kushoto karibu na mwili au kipeleke nje kidogo, hadi kifundo kinyooke. Kisha kidole gumba. Kikae nyuma ya shingo, karibu mkabala na kidole cha kati, kikiwa kimelegea. Nguvu ya kubana inaweza kutoka kwenye mkono mzima badala ya gumba: kigasha cha kulia kinalishikilia sanduku kifuani, na mkono wa kushoto unavuta nyuma kwa uzito wake tu, taratibu. Wengi hushangaa nikiwaambia waondoe gumba kabisa na wapige kordi hiyo bila gumba. Inatoa sauti. Si namna ya kupigia wimbo, lakini inakuonyesha kwamba gumba lilikuwa likifanya kazi isiyo yake. Kwenye bluzi na miziki inayovuta nyuzi, gumba huruhusiwa kupanda juu ya shingo na hakuna ubaya, mradi tu halijapanda huko kwa ajili ya kulizuia gitaa lisianguke.

Kusimama kunaogopwa bila sababu. Ukiwa na mkanda mzuri, kusimama ni rahisi kwa mgongo kuliko kuketi vibaya. Swali kubwa ni urefu wa mkanda, na jibu langu ni hili: vaa mkanda ukiwa umeketi katika mkao wako mzuri, ufupishe hadi uanze kubeba uzito, kisha simama. Gitaa libaki palepale lilipokuwa. Kama limeshuka kwa zaidi ya upana wa kiganja, mkanda bado ni mrefu. Mkono wa kushoto uliojifunza umbali fulani ukiwa umeketi utaukuta umbali huohuo ukiwa umesimama, na hutahitaji kujifunza kila wimbo mara mbili.

Najua gitaa lililoning'inia karibu na magoti lina mvuto wake jukwaani. Wako mabingwa wanaopiga hivyo na wanapiga vizuri sana. Lakini tazama mikono yao. Wengi wao hupiga kordi za nyuzi chache, gumba likiwa juu ya shingo, na wanapofika kwenye solo ngumu huinua goti au huinua shingo ya gitaa hadi karibu wima. Yaani kwenye sehemu inayohitaji mkono kwa kweli, wanalirudisha gitaa juu. Anayetaka mwonekano huo anaweza kulishusha kidogo kidogo, akijipima kwa kifundo cha kushoto. Kikianza kukunjika, ameshafika mwisho wake.

Uzito ni jambo la pili. Gitaa la klasiki lina karibu kilo moja na nusu. Gitaa la umeme la Les Paul, lililotoka mwaka 1952, huweza kupita kilo 4. Mkanda mwembamba unaobeba kilo 4 unachimba bega na kukandamiza misuli kati ya bega na shingo. Tumia mkanda wa sentimita 7 au zaidi, wa ngozi au wenye sponji, na uulaze kwenye bega mbali kidogo na shingo yako. Ngozi ina faida nyingine. Upande wake wa ndani wenye manyoya mafupi hushika nguo, na hilo linasaidia pale kichwa cha gitaa kinapokuwa kizito kuliko sanduku. Mabesi mengi, na magitaa ya aina ya SG, yana tabia hiyo: ukiachia mkono, shingo inazama. Mkanda laini wa nailoni unateleza begani na gitaa linazunguka. Mkanda unaoshika unalizuia. Kama bado linazama, fundi anaweza kuhamisha kitufe cha mkanda, au kubadilisha funguo za kukazia nyuzi kwa nyepesi zaidi. Kinachotakiwa ni lipite lile jaribio la kuachia mikono.

Gitaa kavu mara nyingi huja na kitufe kimoja tu, kule mwisho wa sanduku. Wengine hufunga ncha ya pili ya mkanda kwenye kichwa cha gitaa, chini ya nyuzi. Inawezekana, ila mkanda unapita karibu na mkono wa kushoto na gitaa linakaa limejitenga na mwili. Kitufe cha pili kwenye kisigino cha shingo, pale inapoungana na sanduku, ni bora. Kitobolewe na fundi anayejua, kwa tundu dogo kabla ya skrubu, maana mbao hupasuka. Na kabla ya kusimama na gitaa lolote, vuta mkanda kwa nguvu pande zote mbili. Matundu ya mkanda wa zamani hulegea, na gitaa likichomoka huangukia kichwa, ambacho ndicho sehemu rahisi kuvunjika. Vishikizo vya kufunga mkanda, au hata pete nene ya mpira juu ya kitufe, hutosha.

Magitaa ya umeme yana maumbo mengi na kila umbo lina adabu zake za kuketi nalo. Telecaster ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa ubao bapa wenye kingo, na wapigaji walisikia kingo hizo mbavuni. Stratocaster ilipotoka mwaka 1954 ilikuwa imechongwa nyuma kwa ajili ya mbavu na mbele kwa ajili ya kigasha, na tangu hapo mikato hiyo imeigwa kila mahali. Flying V ya mwaka 1958 haina kiuno cha kukaa pajani. Watu husema haiwezi kupigwa ukiwa umeketi, lakini paja la kulia likiingia kwenye ule mpasuko kati ya mabawa mawili, inakaa kwa uthabiti na shingo yake inapanda vizuri kama ya klasiki. Kwa magitaa yote ya umeme ninapenda kuacha mkanda begani hata nikiwa nimeketi. Ni mazoea madogo yanayomaliza kabisa suala la kuteleza.

Watoto wapewe gitaa la kimo chao, nusu au robo tatu, bila kuambiwa watalikulia lile kubwa. Wenye tumbo kubwa, wajawazito, wenye kifua kikubwa, wote wanaweza kulihamisha sanduku kwenye paja la kushoto au kuligeuza pembe kidogo, na sauti haitapotea. Kwa kweli sanduku ambalo mgongo wake haujabanwa tumboni hutoa sauti kubwa zaidi, kama Aguado alivyodai.

Maumivu yakija, simama. Uchovu wa misuli baada ya kazi ni wa kawaida na huondoka kwa kupumzika. Ganzi, kuchoma, mchomo unaopanda kigashani, au vidole vinavyoamka usiku vikiwa vimekufa ganzi, hivyo si vya kuzoea. Acha kupiga, na vikiendelea nenda kwa daktari mapema, kwa sababu mshipa wa fahamu uliobanwa kwa miezi huchukua muda mrefu kupona. Ukirudi, piga vipindi vifupi, ukiweka gitaa chini kila baada ya nusu saa hivi na kuning'iniza mikono.

Na kama una onyesho mbele yako ambalo utapiga umesimama, fanya mazoezi ya siku za mwisho ukiwa umesimama, na viatu utakavyovaa, na mkanda uleule. Miguu iachane kwa upana wa nyonga, magoti yasikazwe, uzito ugawanyike. Chukua sehemu ngumu kuliko zote katika wimbo mgumu kuliko yote uipige. Kama unaipiga vizuri umeketi na inakushinda umesimama, fupisha mkanda tundu moja, uipige tena.